Msumari wa Mtani

Fundi Eusebio alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa katika hospitali yoyote: akishika ubao, anaondoka. Mwili unabaki palepale chini ya banda la makuti, randa mkononi, ila mwenyewe hayupo. Theresia, mkewe, alikwisha kuzoea. Alikuwa akimwita mara moja kwa chakula, anamwita mara ya pili, mara ya tatu anamfuata na kumgonga bega, naye Eusebio anashtuka na kuuliza, "Kumekucha?" Na hapo ni saa nane ya mchana, jamani, jua linachoma mpaka kuku wamejificha chini ya vitanda vya wateja.

Alishuka kutoka Newala akiwa kijana, akaja kukata mkonge Mitwero. Mkonge ulimchoma mikono miezi minne, ndipo msimamizi mmoja akamwona anachonga mpini wa jembe wakati wa mapumziko, akampeleka karakana. Huko fundi mmoja Kalasinga akamfundisha randa, patasi na gundi, na akamfundisha pia kuona aibu kwa kazi mbovu. Alipoachana na mkonge alisogea upande wa Mchinga, akaoa, akawa fundi wa watu: vitanda, milango, mizinga ya nyuki, na majeneza ya Wakristo wachache waliokuwapo. Hakuwa tajiri wala hakuwa na hamu ya utajiri. Alichotaka ni ubao mkavu na kuachwa peke yake.

Mtu mmoja tu hakumwacha peke yake, naye ni Abdurahmani, mpiga gitaa.

Abdurahmani alikuwa Mmwera, Eusebio Mmakonde. Mmakonde na Mmwera ni watani, na kwa mtu wa Lindi nimeshamaliza maelezo. Kama wewe umezaliwa kwingine, basi jua kwamba mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako mchana kweupe, akaja kwenye msiba wenu akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro. Na neno la mtani halishikwi. Akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza, ndipo unageuka kutazama.

Wawili hawa walitukanana kwa miaka ishirini, na sijapata kuona watu wanaopendana vile. "We mla ming'oko!" Abdurahmani alikuwa anaanza kupiga kelele akiwa bado barabarani, akimtania kwa viazi vya porini vya kwao Newala. "Hujafa tu?"

"Nikifa nani atakuchongea jeneza?"

"Mimi Mwislamu, sizikwi ndani ya kabati! Tangulia wewe, nitakuja kuiba misumari."

Watu walikuwa wakiacha kazi zao kuja kuwasikiliza. Eusebio, mtu mkimya kwa wengine wote, kwa Abdurahmani alikuwa na mdomo wa muuza samaki. Ndio muda pekee aliokuwa macho mchana.

Sasa gitaa. Lilikuwa la karani mmoja Mgoa wa mashamba ya mkonge. Alipohama alimwachia Abdurahmani, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa akija barazani kwake kumsikiliza mpaka mwisho. Gitaa la mbao tupu, lisilotaka umeme, tumbo pana la rangi ya asali. Kwa gitaa hilo Abdurahmani alipiga kwenye maharusi na sherehe kutoka Mitwero hadi Kilwa, na wapo watu waliovuka kutoka Songo Songo na watoto mgongoni kuja kumsikia. Akipiga, Eusebio alikuwa anakaa nyuma kabisa, anafumba macho, anaondoka kama anavyoondoka kwenye ubao.

Mwishoni mwa mwaka sabini na tatu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Eusebio hakupata taabu, nyumba yake ilikuwa tayari karibu na barabara, kijiji kipya kikamkuta pale alipo. Abdurahmani alikuwa akiishi ndani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, katikati ya mikorosho aliyoipanda baba yake. Lori lilikuja asubuhi, likaondoka naye kabla ya adhuhuri. Alipakia mkewe Kidawa, vyungu, mkeka na jembe, na gitaa akalipakata mwenyewe njia nzima. Masika yote wakakaa kwenye kibanda cha nyasi wakisubiri nyumba, maji yakipanda kutoka chini na kushuka kutoka juu. Kidawa alilifunika gitaa kwa kanga zake zote, lakini unyevu hauzuiliwi kwa kanga.

Mwezi wa Juni Abdurahmani akaja nalo bandani, na siku hiyo matusi yake yalikuwa mafupi.

"Tazama, Mmakonde."

Eusebio alilipokea akalitazama kwa ubavu, jicho moja limefumbwa. Shingo ilikuwa imeinuka mbele. Nyuzi zilisimama juu ya ubao wa vidole kiasi cha kupitisha kidole. Mtu akizikandamiza zinamkata vidole, na sauti inatoka imepinda. Shingo ile ilitakiwa ichomolewe, ikatwe upya pale inapokaa, irudishwe.

"Saba Saba wanataka kijiji kipeleke muziki Lindi," Abdurahmani alisema. "Lakini si kwa ajili hiyo. Mikorosho nimeiacha. Nyumba nimeiacha. Kaburi la baba nimeliacha. Kilichotoka kule kizima ni hiki. Hiki kikifa, nizike kwenye kabati lako, sitakataa."

Alisema akicheka, ila macho hayakucheka. Eusebio akasema, "Nitaitoa shingo."

"Itoe. Lakini kifungo changu usikiguse."

Eusebio akakifunika kwa kiganja, kama mtu anayeficha kitu. Kwenye kisigino cha shingo, pale inapokutana na tumbo la gitaa, palikuwa na kifungo cha mpingo, cheusi, mviringo, kimeng'aa kwa miaka mingi ya kuguswa. Na kando ya kifungo palikuwa na ufa mwembamba mithili ya unywele, ambao Abdurahmani alikuwa hajauona bado.

Hapa lazima nirudi nyuma, mnivumilie, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu aogope kifungo.

Siku ya kuamkia Uhuru, Desemba ya sitini na moja, mchana, gitaa lilianguka kutoka kwenye baiskeli, shingo ikachomoka nzima. Jioni kulikuwa na dansi. Mitaa imejaa makuti ya kupambia na vibendera, wanawake wanashona hata wakitembea, na Abdurahmani amesimama mlangoni kwa Eusebio na vipande viwili, analia. Mtu mzima, analia kweli. Gundi ya Eusebio, ile ya vipande inayoyeyushwa kwenye maji ya moto, inataka siku nzima na usiku wake kukauka. Eusebio akamwambia nenda kaoge, rudi saa kumi na moja.

Alipoondoka, Eusebio akapaka gundi, akachomeka shingo. Kisha akachukua msumari wa inchi tatu, akaupigilia kwenye kisigino mpaka ukaingia ndani ya tumbo la gitaa. Aliuona ubaya wake palepale. Kwa kazi ile Kalasinga angemfukuza karakana na viatu angemrushia. Akaudidimiza msumari, akachonga kifungo cha mpingo, akaziba kichwa chake, akasugua mpaka kikang'aa.

"Umefanyaje likashika upesi hivi?" Abdurahmani aliuliza aliporudi, amevaa shati jeupe.

Eusebio akamwambia kweli. "Nimelipigia msumari, we Mmwera. Kama ninavyopigilia mlango wa choo."

Abdurahmani akacheka mpaka akakaa chini na shati lake jeupe. Jioni ile, mbele ya watu wote, aliwatangazia kwamba gitaa lake limetengenezwa na Mmakonde, kwa hiyo lina msumari, asiogope mtu likianguka. Watu wakavunjika mbavu. Eusebio nyuma kule akacheka pia, akaona mzigo umemtoka: si amesema? Ikawa ndiyo hadithi yao ya miaka yote. Kila penye watu, msumari. Mara tatu Eusebio alijaribu kumwambia tena, taratibu, na mara tatu Abdurahmani aliita watu waje wasikie. Kifungo chenyewe alikipenda kupita kiasi. Kabla hajapiga wimbo wa kwanza alikuwa anakipapasa kwa kidole gumba, mara mbili. Alikiita hirizi yake. Na kila alipokipapasa, Eusebio alitazama pembeni.

Basi kazi ikaanza, na Abdurahmani akakaa.

Hilo ndilo Eusebio hakulitegemea. Mtani wake alivuta kigoda, akakaa mbele ya meza ya kazi, akasema hatoki mpaka shingo irudi mahali pake. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, akienda shambani kwa zamu ya kijiji alirudi mbio na udongo miguuni. Njia ya kukitoa kifungo kwa siri, kuung'oa msumari na kukirudisha ikafa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya pasi. Ubao ule wa vidole, wenye vijiti vya chuma, hupita juu ya shingo na ncha yake hulala juu ya tumbo la gitaa, imegandishwa. Eusebio alitandika kitambaa, akaweka pasi ya mkaa juu yake, akasubiri, akapenyeza kisu chembamba chini ya ncha ile, polepole. Gundi ya zamani ikaanza kulainika na kutoa harufu, na harufu ile ikamchukua. Alikuwa karakana Mitwero. Alikuwa Newala kwa mama yake, ukungu wa asubuhi umekaa juu ya mihogo, mtu anatwanga mahali asipopaona. Mkono wake ukaendelea peke yake. Abdurahmani akamwangalia, na kwa mara ya kwanza hakumtukana. Baadaye alimwambia Theresia kwamba mumewe akifanya kazi hupendeza kutazama, shingo ya mtu huyo ndiyo inayohitaji kunyooshwa lakini mikono haina neno.

Siku ya pili ilikuwa ya birika. Shingo ya gitaa haikuwekwa tu kwenye tumbo. Ina ulimi uliopanuka kwa ndani, umechomekwa ndani ya mdomo wake. Ukiuvuta mbele hautoki, lazima gundi ilainike ndipo uinuke kwenda juu. Eusebio aling'oa kijiti kimoja cha chuma, akatoboa tundu dogo chini yake mpaka kwenye ulimi, akachukua birika la Theresia, akaziba mfuniko kwa ugali, akafunga mrija mwembamba wa mpira mdomoni mwa birika na kwenye ncha ya mpira akaweka sindano ya kujazia mipira ya miguu.

"Birika langu la harusi," Theresia alisema. "Miaka kumi na sita sijaunguza chai ndani yake, leo limekuwa fundi."

"Shemeji, likiharibika nitakununulia la dhahabu," Abdurahmani akasema.

"Kwa mikorosho ipi?"

Wote watatu wakacheka, ingawa lilikuwa swali la kweli.

Mvuke ukaingia. Kwenye tundu ukatoka moshi mweupe, maji yakachirizika rangi ya chai, Eusebio akayafuta na kitambaa kabla hayajagusa rangi ya gitaa. Alisubiri. Akashika shingo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akainua. Akasikia ulimi unacheza ndani. Umelainika, upo tayari, unataka kutoka. Lakini kisigino hakikusogea. Akaongeza nguvu kidogo, na ule ufa mwembamba ukalia, tek, ukarefuka kiasi cha ukucha.

"Nini hiyo?" Abdurahmani aliinuka nusu.

"Bado," Eusebio alisema.

Alisimama pale mvuke ukimpiga usoni, akaota mambo mawili. La kwanza: aivute. Kisigino kitapasuka, atasema ni unyevu wa masika, ni kibanda cha nyasi, ni lori, na nani atajua? Abdurahmani atalia kama siku ile, halafu kesho atakuja kumtukana kama kawaida. La pili hakutaka hata kuliangalia. Maji yakachemka. Aliona, wazi kabisa kama yupo pale, shati jeupe limekaa chini kwenye maranda, mtu anacheka ameshika mbavu. Akaweka gitaa mezani.

"Abdurahmani," alisema.

Miaka ishirini hakuwahi kumwita kwa jina lake. Theresia, aliyekuwa anachochea moto, akageuka.

"Abdurahmani, kuna msumari."

Kicheko kikamtoka Abdurahmani kabla hajafikiri. "Wa inchi tatu!"

"Wa inchi tatu."

"Wa choo!"

"Nilisema wa choo ili ucheke. Upo chini ya kifungo. Umeota kutu, umevimba, ndio uliopasua. Sikuwa na muda siku ile, na baadaye sikuwa na moyo. Nisipoutoa, shingo inavunjika mikononi mwangu."

Abdurahmani aliendelea kucheka, akamgeukia Theresia wacheke pamoja. Theresia hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika mdomo. Basi kicheko kikapungua chenyewe mpaka kikaisha.

"Kwa hiyo kila nilipokuwa nakipapasa..."

"Ndiyo."

"Na watu wote wale niliowaambia..."

"Uliwaambia kweli."

Abdurahmani akainuka, akakung'uta msuli wake, akarudisha kigoda mahali alipokitoa. "Utoe," alisema. Kisha akasema, "Asante, Bwana Eusebio."

Bwana Eusebio! Afadhali angemrushia patasi.

Eusebio akautoa msumari jioni ileile, jua likiwa bado lipo. Alikibandua kifungo kwa uangalifu kikatoka kizima, akachimba pembeni mwa kichwa, akaubana kwa koleo, akauzungusha huku na huku. Ulitoka mwekundu kwa kutu, ukaacha unga mikononi. Mvuke mara moja tu tena, na shingo ikainuka yenyewe, laini, bila kelele. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kesho yake Abdurahmani alipita barabarani na jembe begani. Majirani walikuwa wameshachungulia, wanangoja ya asubuhi.

"Habari za asubuhi, Bwana Eusebio? Mmeamkaje hapo?"

"Tumeamka salama," Eusebio alijibu.

"Tunashukuru Mungu. Kazi njema."

Akapita. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amefariki. Ikawa hivyo kila siku. Habari za asubuhi, poleni na kazi, samahani naomba nipite. Adabu hiyo ilimmaliza Eusebio. Alikonda. Usingizi wa mchana ulimkimbia, akishika ubao anabaki palepale, anausikia ubao tu. Kidawa alikuja kuomba chumvi, akasema kwake ni hivyohivyo, mtu anakula matonge matatu anaosha mikono. "Kinachomuuma si msumari," Kidawa alisema. "Anasema alikuwa akichekwa yeye, na alidhani anachekesha."

Eusebio alilia siku hiyo. Alilia akiwa amesimama, akapangusa uso kwa mkono wenye maranda, akaendelea na kazi, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Kisigino alikikwangua kwa patasi, kidogokidogo, kukipa mlalo mpya. Ufa aliujaza gundi akaubana. Lakini ulimi sasa ulilegea mdomoni mwake, ulitaka ubavuni kipande chembamba cha mti mkavu, mkavu hasa, wa miaka. Na kijiji kizima kilikuwa kipya. Kila nguzo ilikuwa mbichi, nyingine zimechipua majani. Alifikiri mti mkavu uko wapi, akajua uko wapi.

Alikwenda peke yake, asubuhi, kwa njia ile ya saa mbili ambayo majani yalishaanza kuifunga. Mahame ya Abdurahmani yalikuwa kimya. Mikorosho ilikuwa imechanua, harufu yake tamu imejaa kila mahali, na nyuki walifanya kazi wenyewe bila msimamizi. Kuta za udongo zilikuwa zimeanguka kwa mvua, paa limelala chini, boga limetambaa juu yake na kuzaa. Kilichosimama ni miimo ya mlango tu, na ubao wake wa juu, katikati ya nyasi. Mninga. Eusebio mwenyewe ndiye aliyeichonga, mwaka alioolewa Kidawa.

Angeweza kupita pembeni, ukuta haukuwapo. Alisimama mbele ya mlango ule akasema, "Hodi." Akangoja, kwa adabu, kama mgeni. Halafu akapita katikati ya miimo, akakaa chini ndani ya nyumba isiyokuwapo, na hapo ule ugonjwa wake ukamrudia. Alimsikia Kidawa msichana anafagia. Alisikia gitaa barazani, wimbo ule wa polepole usio na maneno, na sauti ya mtu inayomuuliza kama hajafa tu. Jua lilikuwa limeshapita utosi alipozinduka. Akatoa msumeno, akakata kipande cha urefu wa kiganja kwenye mwimo wa kulia. Mti ulikuwa mkavu, mwekundu ndani, ukigongwa unalia vizuri.

Tarehe tatu Julai alimtuma Theresia aende akamwite. Abdurahmani alikuja saa kumi jioni amevaa kanzu na kofia, mavazi ya kwenda kwa watu usiowazoea.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Nimekaribia. Habari za tangu juzi?"

Theresia alikuwa na birika motoni, chai tayari, akajifanya hasikii. Eusebio hakukaa. Alishika gitaa kwa mikono miwili akasema mambo yake yote kwa mpigo mmoja, maana alikuwa ameyapanga siku nyingi.

"Shingo imekaa. Ni gundi tupu, imekauka siku tatu. Tundu la msumari nimeliziba kwa mninga. Ubavuni mwa ulimi nimeweka kipande cha mti, ni cha mwimo wa mlango wako, nilikwenda kukikata. Ndani ya gitaa hamna kitu kingine. Kifungo hiki hapa, sikukirudisha. Ni chako, kitupe ukitaka."

Abdurahmani alikipokea kifungo bila kukitazama, akakitia mfukoni mwa kanzu. Akakaa kwenye kigoda, akakaza nyuzi, moja, ya pili, akainamisha sikio. Kidole gumba kikaenda kisiginoni, kwa mazoea, kikakuta mti laini mtupu. Kikasimama hapo. Eusebio akaona vile kidole kinavyohangaika, akatamani ardhi immeze.

Kisha Abdurahmani akapiga. Ulikuwa ule wimbo wa polepole usio na maneno. Nyuzi zilikuwa chini, karibu, vidole vikateleza bila kutafuta, na sauti ikatoka nene na kavu kuliko zamani, ikajaa bandani, ikatoka nje. Kuku wakatoka chini ya vitanda. Eusebio alifumba macho, na safari hii hakuota kitu chochote. Alikuwa palepale, anasikia.

Wimbo ukaisha. Abdurahmani akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Mwimo upi?" aliuliza.

"Wa kulia."

"Wa kulia ukiingia au ukitoka?"

"Ukiingia."

"Uliingia?"

"Nilibisha hodi."

"Nani alikujibu?"

Eusebio akasema, "Hakuna."

Abdurahmani akainuka taratibu. Kifua kikajaa, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka zahanati.

"Mwizi! Mwizi mkubwa! Shemeji, njoo umsikie mumeo! Amri imenihamisha, mvua imenibomolea, nikabakiwa na mlango. Mlango mmoja duniani! Na huyu mla ming'oko hakujibiwa hodi, kaingia, kaniibia mlango!"

Huko nje mtu akaangusha ungo. Eusebio alifungua kinywa kujibu, machozi yakashuka yenyewe mpaka kwenye ndevu. Akajaribu tena.

"Mlango wenyewe," alisema, "ulikuwa umepinda."

"Aliuchonga nani?"

"Mimi. Ulipinda ulipoiona sura yako."

Majirani walikuwa wameshajaa uani, wanacheka hata kabla hawajajua kinachochekesha. Abdurahmani akalitia gitaa mgongoni. Akapiga hatua mbili hadi motoni, akaliinua birika la Theresia kwa pindo la kanzu, chai na yote. "Faini," alisema. "Ya msumari. Ya mlango tutaonana." Akaondoka nalo, likitoa moshi, akitukana ukoo wote wa Eusebio mmoja mmoja kuanzia Newala, na watu wakimfuata.

"Birika langu la harusi!" Theresia akaruka, akafika mlangoni mwa ua, akasimama. Akatazama nyuma, akamwona mumewe alivyosimama pale bandani, uso umelowa, anasikiliza matusi yakipungua kwa umbali na kutikisa kichwa kila anapotajwa. Akarudi akaweka sufuria motoni.

"Kuna kitu cha kula?" Eusebio aliuliza.

Siku kumi na moja, tangu msumari utoke, alikuwa hajauliza hivyo.